Namba Iliyo kwenye Boksi Haiui Ayala

Mpwa wangu yuko Pennsylvania mwaka wa nane sasa. Simu zake za Jumapili zilikuwa za mambo ya kawaida: baridi, zamu za usiku, kodi ya nyumba. Mwaka huu wafanyakazi wenzake wamemtia kwenye uwindaji wa ayala, na jioni moja nikiwa barazani hapa Section 58, Nakuru, akaniuliza: "Mjomba, si wewe ulifundisha fizikia? Nataka kununua ule upinde wa kifyatuo. Huyu ananiambia mia tatu na hamsini, yule mia nne, mwingine mia tano. Mia tano nini, na mimi nalipia nini hasa?"

Nikamwambia nitampigia. Ilinichukua wiki tatu. Nayaandika hapa niliyoyapata kwa sababu najua hayuko peke yake: vijana wetu waliotoka Nakuru, Kisii na Kakamega wako Ohio, Minnesota na Texas, na kila Oktoba kuna mmoja anayealikwa porini na majirani, kisha anajikuta dukani mbele ya pinde arobaini zilizotundikwa ukutani na muuzaji mwenye haraka.

Tuanze na mnyama, maana hapo ndipo wengi wetu tunapopotoka. Ayala si kulungu. Kulungu tunaye, yumo Mau na yumo kwenye vichaka vya Ziwa Nakuru, na pembe zake akishaziota ni zake mpaka afe. Ayala dume huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine, zenye matawi kama mti. Kusini mwa Sahara hatuna ayala wa asili, ndiyo maana jina lenyewe wengi wetu tulikutana nalo kanisani, katika Zaburi ya 42, tukadhani ni aina ya swala. Yule anayewindwa Pennsylvania ni ayala mkia-mweupe. Dume mzima wa majimbo ya kaskazini huwa na kilo 70 mpaka 130 hivi. Mweke kati ya swala pala na kuro, utakuwa umempata kwa macho. Si mnyama mkubwa wa kutisha, na wala hana ngozi ya nyati. Shikilia hilo, litatufaa mbele.

Na sheria, kabla sijaulizwa na jirani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuulegeza mkono. Kwa hiyo haya yote ni ya huko, si ya huku. Mpwa wangu nilimwambia mapema kwamba upinde wake akija likizo aubakize hukohuko. Hata huko mambo hayafanani. Pennsylvania inaruhusu, ila upinde usipungue ratili 125 za mvuto, na kigumba cha mshale kiwe na upana wa angalau sehemu saba ya nane (7/8) ya inchi. Oregon haitaki kabisa kuuona upinde wa kifyatuo kwenye uwindaji. England na Wales sheria ya ayala ya 1991 inakataza kumpiga ayala kwa mshale wa aina yoyote. Anayenunua kwanza asome kitabu cha jimbo lake, kisha ndipo atoe pochi.

Sasa chombo chenyewe. Upinde wa kifyatuo ni upinde uleule wa babu, umelazwa ubavu na kupigiliwa juu ya kitako cha bunduki. Unavuta upote nyuma mpaka unanaswa na komeo, unaweka mshale mfupi juu ya reli, unalenga kwa darubini, unabonyeza kifyatuo, komeo linaachia. Tofauti kubwa na upinde wa mkono ni hiyo ya komeo: nguvu inakaa ndani ya chombo, haikai kwenye mabega yako, kwa hiyo unaweza kusubiri dakika ishirini bila kutetemeka. Hapo watu wengi wanateleza. Wanaona kitako, wanaona darubini, wanaona kifyatuo, wanasema hii ni bunduki isiyo na kelele. Si bunduki, na kelele inayo. Kosa hilo ndilo linalouza zile namba kubwa.

Miaka ya tisini nilifundisha shule moja upande wa Nessuit, ukingoni mwa msitu. Mzee mmoja wa Kiogiek, mzazi wa mwanafunzi wangu, siku moja alinionyesha mshale aliorithi. Kigumba chake kilikuwa kimeviringishwa ngozi laini kama kidole kilichofungwa bandeji. Aliifungua pole pole, akanikataza nisisogeze mkono. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu cheusi, kikavu, kinang'aa kidogo kama lami ya zamani: sumu ya msunguti. Kigumba chenyewe kilikuwa chembamba, hata hakikunivutia. Nilimuuliza kwa nini hakukifanya kipana zaidi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini sindano ya daktari si panga. Kazi ya kigumba ile ilikuwa kufikisha tu. Anayeua ni msunguti, ambao husimamisha moyo.

Nimekumbuka mshale ule mara nyingi wiki hizi, kwa sababu mshale wa Pennsylvania hauna sumu wala risasi. Linganisha. Risasi ya bunduki ya kawaida ya kuwindia ayala hutoka na nishati ya juli zaidi ya 3,000, na hupasua nyama hata pale isipogusa. Mshale wa gramu 26 unaokwenda mita 122 kwa sekunde una juli kama 193. Haumpigi ayala dafrao, haumwangushi. Unamkata. Unapita kwenye mapafu yote mawili, ukibahatika na moyo, damu inamwagika ndani na nje, na mnyama anakimbia sekunde chache kabla ya kulala. Kila kinachofanyika kwa upinde wa kifyatuo, chote, kiko pale kwenye wembe: je, uliingia mahali penyewe, na je, ulikuwa na makali?

Ukilielewa hilo, namba za boksi zinashuka bei mara moja.

Mia nne ya mpwa wangu ni futi 400 kwa sekunde, ile kasi ya mita 122 niliyoitaja. Kwa Marekani wana hesabu yao ya haraka: uzito wa mshale kwa greni, zidisha na kasi kwa futi, zidisha tena na kasi hiyohiyo, gawanya kwa 450,240, unapata nishati kwa futi-ratili. Chukua mshale wa greni 400, ndio ule wa gramu 26. Kwenye upinde wa futi 400 unapata 142. Kwenye upinde wa bei nafuu wa futi 350 unapata 109. Haya, ayala anahitaji ngapi? Jedwali linalotumiwa sana na wawindaji wa mishale linasema 25 mpaka 41 kwa mnyama wa ukubwa wake. Rudia kuisoma hiyo. Upinde wa bei nafuu tayari una zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika. Ule wa ghali unazidisha kile ambacho tayari kimezidi. Mshale unatoka upande wa pili na kuchimba udongo kwa nguvu zaidi, ayala hajui tofauti.

Kisha kuna ujanja mdogo wa muuzaji. Kasi ya kwenye boksi hupimwa kwa mshale mwepesi ambao mtengenezaji anauruhusu. Ukiweka mshale mzito zaidi, tuseme greni 450 au 500, kasi inashuka, ila nishati haishuki, hata hupanda kidogo, kwa kuwa upinde unapata muda wa kumkabidhi mshale zaidi ya kile ulichohifadhi. Na chombo kinakuwa kimya kidogo na kutetema kidogo. Kupunguza uzito chini ya kiwango alichoandika mtengenezaji, hapana; hapo unakaribia kufyatua upinde mtupu, na nitafika huko.

Mpwa wangu akasema, "Kwa hiyo kasi ni uongo." Ndio, ningependa kusema hivyo, ingemaliza mazungumzo vizuri. Lakini nilikaa na kalamu, na kalamu ilinikatalia. Kasi ina kazi mbili za kweli.

Ya kwanza ni kosa la umbali. Mshale ukiwa hewani unaanguka kama jiwe lolote. Tuseme umeiweka darubini kwa yadi 30, yaani mita 27, lakini ayala kwa kweli yuko yadi 40, mita 37 hivi. Jioni porini kukosea hivyo ni rahisi kuliko unavyodhani. Nikipuuza ukinzani wa hewa, mshale wa futi 400 utafika ukiwa sentimita 11 chini ya ulipolenga. Mshale wa futi 300 utafika sentimita 20 chini. Na mahali pa kupiga, lile eneo la moyo na mapafu nyuma ya mguu wa mbele, lina upana wa sahani ya chakula, sentimita 20 mpaka 25. Ukiwa umelenga katikati, sentimita 11 ziko ukingoni mwa sahani. Sentimita 20 ni nje ya sahani, na hapo umemjeruhi mnyama atakayekufa kesho, mahali ambapo hutamwona. Kwa hiyo ndiyo, kasi inasamehe. Ila kipima-umbali cha leza kinachotoshea mfukoni kinasamehe zaidi, kwa bei iliyo sehemu ndogo sana ya tofauti kati ya upinde wa futi 350 na wa 450. Ningenunua hicho kwanza.

Kazi ya pili ni sauti, na hii ndiyo iliyonifurahisha. Upote ukiachiliwa unapiga kelele, tena kubwa kuliko upinde wa mkono. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Hakuna mshale unaoishinda. Ayala akisikia, mwili wake unafanya kitu kimoja: anachuchumaa ghafla ili aruke. Mshale unapita juu ya mgongo. Kwa mita 37, sauti inafika baada ya sehemu 11 za mia za sekunde, mshale wa futi 400 unafika baada ya sehemu 30. Mnyama amepewa sehemu 19. Mshale wa futi 300 unamwachia 29. Tofauti ipo, siwezi kuificha. Lakini msogeze ayala huyo mpaka mita 18. Sasa hata upinde wa polepole unamwachia sehemu 14 au 15 tu. Upinde wa polepole ukiwa karibu unamwachia muda mfupi kuliko upinde wa mbio ukiwa mbali. Mtu anaweza kulipa dola elfu moja zaidi ili apate kile ambacho angekipata kwa kusogeza kiti chake yadi ishirini karibu na njia ya wanyama.

Kwa kweli sijaona mahali popote dukani palipoandikwa hivyo.

Tukiacha kasi, swali linalobaki ni umbo. Zipo familia mbili kuu. Ya kwanza ni upinde wa kujipinda, mikono miwili mirefu na upote mmoja, hakuna kingine. Kampuni ya Excalibur ya Canada imejijengea jina kwa hizo. Ni pana, zinakwama kwenye matawi na kwenye dirisha la hema, na mvuto wake ni mzito. Lakini hazina kitu cha kuharibika. Upote ukichakaa unaubadilisha mwenyewe ukiwa umeketi kwenye kisiki. Familia ya pili ina magurudumu yasiyo duara ncha za mikono, na nyaya zinazopishana katikati. TenPoint, Ravin na Barnett ni majina utakayokutana nayo. Magurudumu yale yanasukuma nishati nyingi ndani ya mikono mifupi, kwa hiyo upinde unakuwa mwembamba. Ravin wana modeli ambayo ikishavutwa upana wake ni inchi 6 tu, kama urefu wa kalamu. Juu ya mti, ndani ya kiti kidogo, hicho ni kitu cha thamani. Gharama yake ni kwamba upote ukileta matata unahitaji mashine ya kubana mikono, yaani unarudi dukani, na pengine ni Jumamosi na duka liko mwendo wa saa moja.

Mimi, kwa tabia yangu ya mtu aliyepanda Peugeot miaka thelathini, ningechukua kile ninachoweza kukitengeneza. Mpwa wangu anawindia juu ya mti na ana gari la kumfikisha dukani. Akachukua wa magurudumu. Sikubishana.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wanaligundua wakiwa wameshalipa: kuuvuta. Upinde wa ratili 200 una mvuto wa kilo 90. Huku kwetu hatuhitaji mizani kuelewa kilo 90, ni gunia la mahindi. Sasa fikiria umeweka mguu kwenye kikuku kilicho mbele ya upinde, umeinama, na unatakiwa kuliinua gunia hilo kwa vidole, kwenye uzi mwembamba, pande zote mbili sawasawa. Sawasawa ndilo neno. Upote ukinaswa ukiwa umevutwa zaidi upande mmoja hata kwa upana wa punje ya ngano, mshale utatoka ukielekea pembeni, na utalaumu darubini bure.

Kwa hiyo kuna kamba yenye kapi mbili na ndoano, ambayo inagawa mzigo nusu kwa nusu. Kapi zilezile za kisimani, fizikia ya sekondari: unavuta kamba mara mbili ya urefu, unabeba kilo 45 badala ya 90. Kamba hiyo pia inaweka upote katikati. Ni ya bei ndogo na inatosha kwa mtu mwenye mgongo mzima. Anayeumwa mgongo au bega, au aliyefika umri wangu, achukue upinde wenye mkono wa kuzungusha, kama jeki ya gari. Unazungusha kwa kilo chache tu mpaka komeo linaingia. Unaongeza bei na uzito, na unachukua muda, lakini mtu atakayeogopa kuuvuta upinde wake hatafanya mazoezi nao, na huyo ndiye atakayejeruhi wanyama.

Tena uliza swali hili kabla ya kutoka dukani: naushushaje? Jioni imeingia, hukupiga kitu, upinde umevutwa. Nyingi haziwezi kushushwa kwa mkono. Unafyatua mshale wa mazoezi kwenye udongo au kwenye mfuko wa shabaha. Baadhi ya zile za kuzungusha zinarudi nyuma pole pole bila kufyatuliwa, na kwangu hiyo ni sababu nzuri ya kulipa zaidi kuliko futi 50 za kasi. Kitu kimoja tu usikifanye kamwe: kufyatua bila mshale. Nishati ile yote inakosa pa kwenda, inarudi kwenye mikono ya upinde, nayo inapasuka mbele ya uso wako. Pinde nyingi za sasa zina kizuizi cha hilo, ila kizuizi nacho ni chuma na springi. Hata mshale wenye tako lisilofaa unaweza kuleta balaa hilohilo, upote ukapita juu yake. Tumia tako la mshale alilolitaja mtengenezaji wa upinde wako, basi, hata kama ya jirani inaonekana kuingia vizuri.

Na kidole gumba. Mkono wa mbele unashika chini ya reli, na upote unapita juu ya reli kwa mita mia na zaidi kwa sekunde. Gumba likichungulia juu, upote haulioni. Kagua kama upinde una mabawa ya kuzuia vidole, kisha ushike kama vile hayapo.

Vigumba vya nyembe ni viwili pia. Kimoja nyembe zake zimesimama muda wote. Ni imara, kinapita mfupa wa ubavu bila kulalamika. Lakini nyembe zile ni mabawa madogo, na mshale ukienda kasi sana yanakamata hewa na kuupeleka mshale yanakotaka. Cha pili nyembe zake zimekunjwa, zinafunguka zikigusa mnyama, mara nyingi kwa upana wa inchi 2. Kinaruka sawa na ncha ya mazoezi, kinakata jeraha kubwa, ila kinakula sehemu ya nishati kujifungua, na chochote chenye kiungo siku moja kitagoma. Kwa upinde wa kifyatuo nishati si shida, tumeshaona, kwa hiyo cha kufunguka kinafaa zaidi hapa kuliko kwenye upinde wa mkono. Upinde wa futi 350 na chini unaweza kubeba cha kusimama bila matata. Vyovyote vile, jaribu kwenye shabaha vigumba vilevile utakavyowindia navyo, si ncha za mazoezi tu, kisha weka nyembe mpya kabla ya siku yenyewe. Wembe uliopita kwenye povu la shabaha mara tano hauna tofauti na kisu cha hotelini.

Darubini, kifyatuo, urefu wa kitako: haya si ya kusoma, ni ya kushika. Weka begani ukiwa umevaa koti nene la baridi, si fulana. Kifyatuo kinapaswa kukatika kama kijiti kikavu, si kama ubani. Ayala hutembea alfajiri na magharibi, kwa hiyo itazame darubini jioni nje ya mlango wa duka, siyo chini ya taa za ndani. Ukiwa wa mkono wa kushoto sema mapema.

Bei zinaanzia dola 300 hivi, kama shilingi 39,000 zetu, na kuna pinde zinazopita dola 2,000, bei ambayo huku kwetu unazungumza na mtu kuhusu ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Mpwa wangu alikuwa ametenga dola 1,200 na alitaka kuzimaliza zote kwenye upinde. Tulizigawa kwenye simu kama posho ya harusi. Upinde wa futi 380 wenye mkono wa kuzungusha ukachukua sehemu kubwa, si yote. Nusu dazani ya mishale mizito kidogo kuliko ile iliyokuja nayo. Vigumba pakiti mbili. Shabaha ya povu, maana bila hiyo utajua kulenga nini. Kipima-umbali. Nta ya upote na mafuta ya reli, vitu vidogo vinavyosahaulika mpaka upote uanze kutoa nywele.

Tangu Julai anafyatua nyuma ya nyumba ya rafiki yake, mishale kumi jioni baada ya kazi. Baada ya kila mshale anaukunja kidogo karibu na sikio kusikiliza kama kaboni imepasuka, kama fundi anayegonga tofali. Ananitumia picha za shabaha. Kwa yadi 20 mishale inagusana, mpaka alipasua mmoja kwa mwingine na kunitumia picha kwa fahari, kisha akakumbuka bei. Kwa yadi 30 inakaa ndani ya kisahani. Kwa yadi 40 inatawanyika, mmoja au miwili inatoka nje ya duara kabisa. Muuzaji alikuwa amemwambia upinde ule unafika 60. Sikumwambia neno, alijiwekea 30 mwenyewe, na kwenye ile darubini yenye mistari mitano akabandika kipande cha tepu kuificha mistari ya chini.

Nilimfundisha pia kusoma damu, kwa kadiri nilivyosoma mimi, kwa sababu hilo nalo ni sehemu ya kujua ulichonunua. Damu nyekundu angavu yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyeusi nyeusi ni ini, subiri saa kadhaa. Ikiwa na majani yaliyotafunwa na harufu ya matumbo, umekosea, rudi kambini na usimsumbue kwa saa nyingi, maana ukimfuata anainuka na anaenda mbali. Hata ukiona umepiga vizuri, kaa nusu saa kwanza. Bunduki haikufundishi subira hiyo.

Hatua ya mwisho niliipitisha nikidhani ni ndogo: mtu anapandaje mti na chombo hiki. Jibu ni kwamba hapandi nacho. Anapanda mikono mitupu, amefunga mkanda wa usalama tangu mguu wa kwanza uache ardhi, kisha anauvuta upinde kwa kamba ukiwa haujavutwa upote wala kuwekwa mshale. Kule Marekani kuanguka kutoka kwenye viti vya mtini ni mojawapo ya sababu kubwa za wawindaji kuumia.

Jumapili iliyopita dada yangu alikuja kutoka Njoro tukampigia mwanawe pamoja. Kijana akatuonyesha upinde kwenye kamera, akauzungusha mkono ule mpaka komeo likalia, akaeleza kasi, akaeleza greni, akaeleza nyembe, mimi nikitikisa kichwa kama mwalimu kwenye maonyesho ya sayansi. Dada yangu alisikiliza yote bila kukatiza. Kisha akasogeza simu karibu na uso.

"Na huo mti," akasema, "una urefu gani?"